Hori Lenye Ufa

Mume wangu hatengenezi vitanda vya watoto. Atakutengenezea mlango, kabati, meza ya watu wanane, hata jeneza ukifiwa, na kasoro hutaiona hata ukiitafuta kwa tochi. Lakini ukimtajia kitanda cha mtoto atakuambia mbao zimekwisha, wakati wewe mwenyewe umesimama juu ya rundo la mbao. Wateja wa zamani wameshamzoea. Wapya huja upande wangu kulalamika, kana kwamba mimi ndiye niliyezificha.

Upande wangu ni chumba cha dobi. Nyumba yetu ina milango miwili inayotazama barabara. Wa kushoto zinaingia nguo chafu na kutoka zimenyooka, wa kulia zinaingia mbao na kutoka samani. Katikati kuna ukuta wa mabanzi tu, kwa hiyo tunasikiana kutwa nzima. Nimepiga pasi kando ya ukuta huo mpaka najua Fundi anafanya nini bila kuchungulia. Msumeno mrefu ni mlango. Randa isiyokoma ni meza. Ukimya maana yake amekaa juu ya benchi anakunywa chai yangu na kujifanya anapima.

Watu humwita Fundi, nami namwita hivyohivyo, hata tukiwa wawili. Yeye huniita Bibie akiwa na raha zake. Tulichelewa kuoana, tukachelewa zaidi kupata mimba, na ilipoingia tulibaki kutazamana na kucheka kama watu waliookota kitu njiani. Mtoto alizaliwa kimya. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu hata ndani ya nyumba yetu hapakusemwa zaidi ya hapo. Jina tulikuwa tumeshalichagua, tumekubaliana mezani baada ya kubishana sana, na tangu siku ya maziko halikutoka tena mdomoni mwa yeyote kati yetu. Mimi nilitaka kulisema. Nilikuwa na kiu ya kulisema. Lakini kila nilipofungua mdomo Fundi aliinuka kwenda kunoa patasi, na patasi za nyumba ile zilinolewa mpaka zikawa fupi.

Halafu lipo suala la kanisa. Mama Mwenyekiti, yule anayeongoza kina mama wetu, ni rafiki yangu na ana moyo mzuri, ila alipogawiwa sauti alisahauliwa kupewa breki. Jumapili moja alisimama kuziombea familia, akafika kwetu, akaomba kwa nguvu zake zote kwamba Bwana aijaze nyumba ya Fundi, maana nyumba ile ni tupu. Tupu, alisema, na akarudia, ili huko juu wasikie vizuri. Fundi alichukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni, na hakurudi tena. Mimi niliendelea kwenda. Niliketi kwenye benchi letu lilelile na kuweka mkoba wangu mahali pake ili mtu asipachukue. Nikiulizwa hali yake nilisema ana kazi nyingi.

Sasa, kila mwaka watoto wa kanisa letu huigiza habari ya kuzaliwa kwa Bwana, na kila mwaka hori huwa ni katoni iliyofunikwa shuka. Mwaka uliopita shuka liliteleza katikati ya wimbo wa malaika, na kanisa zima likasoma ubavuni mwa katoni maneno makubwa mekundu: VIOO, BEBA KWA UANGALIFU. Watu walivunjika mbavu. Mama Mwenyekiti aliapa kwamba hatadhalilishwa na katoni tena, na siku moja asubuhi nikamsikia akiingia kwa Fundi bila hata kubisha hodi.

"Shemeji," alisema, "najua una kinyongo na mimi. Kaa nacho, sikuombi ukitoe leo. Mimi nataka hori."

Upande wa pili msumeno ulinyamaza.

"Hori?"

"Hori la mbao, dogo, la igizo la watoto. Tumechoka kuchekwa."

Nilikuwa na shati la mteja juu ya meza na pasi mkononi. Nilisubiri kusikia kwamba mbao zimekwisha. Kisha Fundi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitawatengenezea." Niliposhtuka, kola ya shati ilikuwa imeshaungua na moshi unanipanda puani.

Naomba nieleweke. Hori la Krismasi ni kitanda cha mtoto. Ulipambe vipi, ulijaze nyasi kiasi gani, mwisho wa yote mtoto analazwa humo. Na mume wangu, ambaye hakuwa amegusa kitu cha aina hiyo tangu tumzike wetu, alikuwa amekubali kwa kinywa chake. Nilikaa juu ya kapu la nguo nikalia kidogo, kisha nikanawa uso, nikaenda kumwomba radhi mwenye shati.

Juma lililofuata liliniletea maajabu. Kwanza lilikuja gogo, tena gogo zima na magome yake, juu ya mkokoteni. Nilishangaa, nikijua mtu akitaka kitu cha namna hiyo hupigilia mbao. Lakini sikubisha, yeye ndiye fundi. Kisha akatundika turubai kwenye mlango wake na kunikataza kuchungulia. Kisha nikaanza kusikia sauti nisiyoijua, kop, kop, kop, na kwa kuuliza nikaambiwa ni tezo, chombo cha kuchongea magogo cha baba yake, ambacho miaka yote nilidhani kinaning'inia pale ukutani kama pambo. Na juu ya sauti ya tezo, mume wangu alikuwa anapiga mluzi. Nilizima redio ili nimsikilize.

Nikaanza kujipangia mambo, kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye njaa. Nilijiambia, Fundi amepona. Atalipeleka hori, watamshukuru, ataketi. Na mtu anayeweza kuchonga kitanda cha mtoto huku anapiga mluzi, mtu huyo naweza kumtajia mtoto wangu naye asiinuke. Nilikuwa nimeshaanza hata kuchagua siku.

Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, aliniita. "Bibie, njoo uone." Turubai lilikuwa limeondolewa na sakafu imefagiwa. Katikati, juu ya magunia mawili, palikuwa na mtumbwi.

Sisemi kitu kilichofanana na mtumbwi. Ulikuwa mtumbwi kamili, mdogo, umechongoka mbele na nyuma, tumbo limekombwa laini na kupigwa msasa mpaka linang'aa. Nililelewa mbali na maji, lakini hata mimi niliujua. Ndipo nikakumbuka kwamba kwao Fundi, kule mtoni, mtumbwi mdogo wa kuvukia ndio wanaouita hori. Nikakumbuka pia kwamba kabla hajaacha kanisa watoto waliwahi kuigiza wanafunzi walioshikwa na dhoruba ziwani, wakatumia mabenchi. Mambo yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Hakuwa amekubali kuchonga kitanda cha mtoto. Alisikia hori la igizo, akamchongea Petro chombo cha kuvulia.

Na kibaya zaidi, lilikuwa na ufa. Ulianzia mdomoni, ukashuka ubavuni hadi karibu na tumbo, mpana wa kupitisha kidole. Fundi, anayeweza kurudia mlango mzima kwa ajili ya bawaba moja!

"Mbona husemi?" aliniuliza.

"Ni zuri," nilisema. Lilikuwa zuri kweli.

Walikuja vijana wa mkokoteni, wakalipakia, wakalifunika gunia. Mimi na Fundi tukafuata nyuma. Njia nzima nilikuwa nayo ya kumwambia ukweli. Nikimwambia kwamba hilo linalotakiwa ni la kulaza mtoto, angeligeuza palepale kwenye mzunguko wa soko na kurudi nalo nyumbani, na huo ungekuwa mwisho wake na kanisa, na labda mwisho wa mluzi pia. Nisipomwambia, ataambiwa na watu, tena kwa kicheko. Yeye alikuwa anatembea mikono nyuma, anawasalimia watu ambao kwa muda mrefu alikuwa anavuka barabara ili asiwasalimie. Sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Malaika walikuwa wamekaa chini wanagombania mabawa, kondoo mmoja analia, na Mama Mwenyekiti yuko juu ya kiti anafunga pazia. Mchungaji wetu, kijana ambaye hakuwa amehamia wakati Fundi alipoondoka, alikuja kutuamkia kwa heshima zote. Vijana wakaweka mzigo katikati ya ukumbi. Fundi akavuta gunia.

Malaika ndio walioanza. "Boti!" alipiga kelele mmoja, na kina mama wakacheka, na mimi nikamtazama mume wangu usoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama.

"Shemeji," Mama Mwenyekiti alisema, akishuka kwenye kiti, "hili hori gani? Tulitaka la Bwana Yesu, wewe umetuletea la kuvulia dagaa!" Akalizunguka. "Tena, jamani, lina ufa! Hata hao dagaa watatoroka."

Hapo nikapandwa na hasira, na nikipandwa na hasira huwa sichagui maneno. "Mwaka jana ulimlaza kwenye katoni ya vioo," nilimwambia, "na hukuikagua. Mtu amefanya kazi kwa mkono, amekuletea hadi mlangoni, unakagua nyufa. Kama kuna kosa ni langu, nilijua mnachotaka na sikumweleza. Fundi, twende nyumbani."

Nilimshika mkono. Hakuondoka.

"Hukunieleza nini?" aliniuliza.

Nililazimika kusema mbele ya wote. "Kwamba si la wavuvi. Ni la kumlaza mtoto."

"Bibie," alisema, "mimi hayo nayajua."

Niliuachia mkono wake.

"Nimesikia habari ile kila Krismasi tangu utotoni," aliendelea. Hakuwa anahubiri, alikuwa anaongea taratibu na kulitazama lile hori, kama anavyowaeleza wateja kwa nini mlango unakwama. "Kwetu hori ndilo hili. Ukilichonga linavusha watu, linavusha mizigo. Siku moja linazeeka, linapasuka, maji yanaingia. Basi halivuki tena. Lakini watu hawalitupi. Wanaliburuta hadi uani, wanatia majani, ng'ombe wanakula humo. La baba yangu lilikuwa uani kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa natia majani. Kanisani wakisoma kwamba mtoto alilazwa katika hori la kulia ng'ombe, mimi namwona yuko mle, kwenye hori la baba. Sijawahi kumwona pengine." Akamgeukia Mchungaji. "Labda huko kwao halikuwa hivyo."

"Sidhani kama lilikuwa mtumbwi, mzee," Mchungaji alisema kwa upole. "Huenda lilikuwa la jiwe, au la udongo."

"Basi nimekosea maisha yangu yote."

"Sijui kama umekosea. Na huu ufa?"

"Huo nimeutia mwenyewe." Alipitisha kidole juu yake. "Nilimaliza likiwa zima. Sijawahi kuchonga kitu kizuri hivyo, wallahi, nilikaa nikalitazama na chai ikapoa. Nikaona hili bado ni la majini. Mtu yeyote akilipata atalipeleka majini, hakuna atakayekumbuka kumlaza mtoto humo. Haliwi hori la ng'ombe mpaka kwanza lishindwe kazi yake. Nikachukua patasi na nyundo."

Mtu wa mbao tu ndiye anayeweza kujua jambo hilo lilimgharimu nini kulitenda. Mimi nilikumbuka siku ambayo mluzi ulinyamaza ghafla, pigo likasikika moja tu, kubwa, na baada yake hapakuwa na sauti kwa muda mrefu. Nilidhani amejigonga kidole.

Fundi akamtazama Mama Mwenyekiti. Hakukunja uso. "Mama, ulituombea tujazwe kwa kuwa nyumba yetu ni tupu. Uliomba kwa nia njema na mimi niliumia. Nimelifikiria hilo kila siku nikichonga. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, sivyo? Ndiyo maana hakuingia. Aliwekwa kwenye kitu kilichokuwa tupu. Ndani ya hori lile pangekuwa na kitu kingine, yule mama angemlaza wapi mwanawe? Mimi sikuombi tena utuombee tujazwe. Lakini usiseme tupu kana kwamba unatangaza ugonjwa."

Mama Mwenyekiti alikaa kwenye kile kiti alichokuwa amesimama juu yake. Alijifuta macho kwa kipande cha pazia alichokuwa nacho mkononi. "Nisamehe, shemeji," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Nilidhani ninawabeba. Kumbe ninawakanyaga." Kisha, kwa kuwa hawezi kukaa bila kazi, akawageukia malaika na kuwafokea kwamba nyasi ziko wapi, au wanadhani hori litajijaza lenyewe.

Nyasi zililetwa. Shida ni kwamba mtumbwi hausimami wenyewe sakafuni, tumbo lake ni la mviringo, ukiugusa unalala upande. Mtoto wa igizo alikuwa wa kweli, mchanga, mwana wa mwalimu mmoja wa shule ya jirani, na mwalimu huyo alikuwa amemkumbatia na analitazama lile hori kwa mashaka. Fundi akapiga magoti. Akachomeka vipande vya mbao chini, huku na huku. Akaingiza mkono ndani, akapapasa polepole kutoka mbele hadi nyuma, akitafuta kibanzi kinachoweza kuchoma. Akatandika nyasi. Juu ya nyasi akatandika koti lake.

"Mlete," alisema.

Mwalimu alimlaza mtoto. Hori likayumba kidogo, na Fundi akalidaka ubavu kwa mikono yote miwili. Nilingoja amwachie mtu mwingine. Hakumwachia. Mazoezi yakaanza, malaika wakaimba, wachungaji wakaja na fimbo zao, na wakati wote huo mume wangu alikuwa amepiga magoti katikati yao na suruali yake ya kazini, ameshikilia hori lisipinduke. Mtoto alikuwa macho. Alimtazama Fundi na Fundi akamtazama. Mama Mwenyekiti aliponong'ona kwamba sasa tunaweza kuweka matofali, nilimkanyaga mguu.

Tulirudi kwa miguu jua likiwa bado lipo. Nilikuwa na mengi ya kusema na nikaogopa kuyasema, nisije nikamkuta ameshaanza kutafuta patasi ya kunoa. Tulipita soko. Tulipita duka la vioo.

"Lilimtosha," alisema.

"Lilimtosha sana. Ulichukua wapi vipimo? Hukuja kuuliza."

Aliitazama mikono yake. "Siku ile ya maziko," alisema, "nilimbeba mimi. Kutoka nyumbani hadi pale. Mikono yangu inaujua urefu wake. Sikuhitaji kumuuliza mtu."

Nilisimama, naye akasimama. Watu walikuwa wanatupita na vikapu vyao. Ndipo akalitaja jina. Alilitaja lote, kama tulivyolipanga pale mezani, na sauti yake ilikatika mwishoni lakini alilimaliza. Hakwenda popote. Alibaki mbele yangu analia, mikono yake imening'inia, ananisubiri.

Nikalirudia, kwa sauti, katikati ya barabara, watu wakageuka kututazama. Siliandiki hapa. Ni la mwanetu.